Kijiji Kilichopimwa Wiki ya Krismasi

Kisomboni Juu,
11 Februari 2024

Kwa mwanangu Filbert,

Salamu nyingi kutoka huku juu, ambako bado tunapumua bila kibali cha ofisi. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi hubishana yenyewe kwa yenyewe kila nikishuka mteremko. Migomba imebeba vizuri. Ng'ombe ana mimba, padre ana kikohozi, na jirani yangu Praygod amenunua meno ya bandia ambayo huyavaa misibani tu. Anasema kuyatafunia nyama ni kuyachakaza. Mama yako mkubwa Anyesi anakusalimu sana. Kile kidonda cha mguu bado kipo. Unajua kisukari kikishaingia mguuni kinakaa kama shemeji asiye na nauli ya kurudi. Lakini nesi Doris anakiosha na kukifunga kila siku pale zahanati, na kimeanza kuwa chekundu badala ya cheusi. Doris anasema hiyo ndiyo rangi nzuri. Mimi sikujua kidonda nacho kina rangi nzuri.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu ninayo, ile uliyoniletea. Ila nimegundua kwamba mtu akiulizwa jambo zito kwenye simu, mtandao hukatika. Karatasi haikatiki. Kwa hiyo Hellen muuza ndizi atakuletea barua zangu hapo kwako Majengo kila akishuka sokoni, na majibu umpe yeye.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili baada ya misa, mtendaji wa kijiji alitusomea tangazo lililotoka ofisini kwenu kwenye mambo ya afya. Kwamba zahanati yetu itafungwa mwisho wa Machi, Doris ahamishwe, na sisi tutibiwe zahanati ya ng'ambo ya korongo, kwa sababu Kisomboni Juu "inafikika kwa urahisi". Watu wakacheka. Walidhani mtendaji siku hizi anaanza pombe ya mbege kabla ya misa. Halafu akasoma tathmini ilifanyika lini: wiki ya Krismasi. Hapo kicheko kikazimika, na watu wote wakageuka kunitazama mimi. Maana hakuna asiyekumbuka ni nani alizunguka wiki ile na simu mkononi, akipiga picha barabara, daraja, na magari yaliyojaa uwanja wa kanisa. Sisi tulidhani umeikumbuka nyumbani. Mimi hata nilimringia mzee mwenzangu Ildefonce: "Mwone huyo, kasoma lakini hajasahau kwao."

Filbert, ni wewe? Nijibu kwa neno moja tu. Mimi niliishia darasa la nne, maneno mengi yatanichanganya.

Anayekungoja,
Baba yako mkubwa, Kastori

*

Moshi,
26 Februari 2024

Ndugu Kastori,

YAHUSU: MALALAMIKO JUU YA KUUNGANISHWA KWA ZAHANATI YA KISOMBONI JUU

Nakiri kupokea barua yako ya tarehe 11 Februari 2024 na napenda kukufahamisha kwamba tathmini ya ufikikaji ilifanywa kwa mujibu wa mwongozo. Vigezo vilivyotumika ni umbali hadi kituo jirani, hali ya barabara, hali ya kivuko, upatikanaji wa usafiri binafsi na nguvukazi ya kusaidia wagonjwa. Kisomboni Juu ilipata alama za juu katika vigezo vyote, na imewekwa Kundi la Kwanza.

Aidha, ifahamike kwamba watumishi wa afya ni wachache, na mkoa una vijiji vya tambarare ambako mama mjamzito hutembea kutwa nzima kumfikia muuguzi.

Ofisi inawashukuru wananchi kwa ushirikiano wao.

Filbert
Mratibu, Huduma za Pembezoni

(Kwa kalamu: Baba Mkubwa, dawa za sukari za Mama Mkubwa nimempa Hellen. Ameze baada ya chakula.)

*

Kisomboni Juu,
3 Machi 2024

Kwa Mheshimiwa Mratibu,

Shikamoo. Nimeona nikuamkie mimi, kwa sababu katika barua yako nimeitafuta shikamoo mbele na nyuma, nikaigeuza karatasi, nikaishika juani, haipo. Huenda mwongozo umeifuta.

Huku wote hatujambo. Dawa zimefika, mama yako anashukuru. Padre bado anakohoa, na mahubiri yamekuwa mafupi, kwa hiyo waumini wameongezeka.

Nimekisoma hicho kiswahili chako cha vigezo mpaka miwani ikachoka. Nikamsomea Ildefonce, akaniuliza, "Hicho kijiji kiko wapi, tuhamie?" Filbert, wewe ni mtoto wa huku. Umetupima siku ya harusi, ukaandika kwamba huyu mwanamke kila siku huvaa shela.

Hilo daraja la magogo ulilovuka ukipiga picha, unajua nani hulijenga. Ni vijana wanaokuja kula Krismasi, wanalijenga kila Desemba ili wake zao wa mjini waende kusalimia wakwe ng'ambo bila kuchafua viatu. Wewe mwenyewe umebeba magogo yake ukiwa sekondari. Ikija masika mto unalichukua, tena kwa uaminifu kuliko padre anavyochukua zaka. Tangu hapo hadi Desemba nyingine, ng'ambo tunaiona kwa macho tu. Tunasikia hata majogoo yao. Kuifikia, mtu ashuke hadi barabara ya lami, azunguke, apande tena upande wa pili. Akitoka na umande anafika na giza, kama ana miguu mizuri. Mwenye miguu mizuri anafuata nini zahanati?

Usafiri binafsi, eti. Yale magari ni ya wenye maduka ya Dar na Arusha, yamekuja kuonyeshana. Mwaka mpya ukipita halibaki hata moja. Gari lililobaki kitongoji kizima ni toroli la Ildefonce, nalo lina gurudumu moja na maoni yake. Na hiyo nguvukazi uliyoihesabu ilikuja kula nyama, ikala, ikaondoka. Sasa hivi kijana wetu kuliko wote ni Praygod, na meno yake ni ya dukani.

Hao wa tambarare wapewe nesi, hata wapewe wawili. Sikatai, nao wana wake na watoto. Lakini siyo nilichouliza. Niliuliza: ni wewe?

Anyesi hataki kusikia. Anasema mtoto aliyemnyonyesha kwa chupa tangu siku tuliyomzika mama yake hawezi kumfungia mlango wa dawa. Nimemwacha abaki na imani yake. Kanisani tunaamini mambo magumu zaidi ya hilo.

Nesi bado yupo hadi mwisho wa mwezi. Kuna nafasi ya kuandika mstari mmoja.

Wako asiye na cheo,
Kastori

*

Majengo, Moshi,
17 Machi 2024

Baba Mkubwa, shikamoo. Shikamoo tena, ile ya barua iliyopita.

Mwambie Mama Mkubwa tunamkumbuka kila tukila. Stella hajambo, ila mgongo. Jacob yuko darasa la nne sasa, ameshakufikia, na anasema atakupita. Mjini kuna joto kali, mvua tunaiona kwenye mlima kwenu tu.

Nisamehe kwa barua ile. Aliandika karani, mimi nilisaini tu.

Naomba unielewe. Ofisi nzima ina gari moja zima. Niliambiwa kabla ya mwaka mpya niwe nimependekeza vijiji viwili vya kupunguza, na hela ya safari haikuwepo. Nilikuwa nakuja nyumbani hata hivyo. Na uamuzi ni wa kamati, Baba Mkubwa, siyo wa mtu mmoja. Wanakaa watu wengi mezani.

Nimewaombea huduma ya mkoba: wauguzi watakuja na gari kila mwezi, watawapima sukari na presha hapo hapo kijijini. Hilo nimelipigania.

Mguu wa Mama Mkubwa unaendeleaje? Tafadhali nijibu hilo.

Mwanao,
Filbert

*

Kisomboni Juu,
28 Aprili 2024

Kwa Filbert,

Za mjini? Huku ni maji juu, maji chini, na katikati utelezi. Mtu akitoka nyumbani kwenda kwa jirani anafika kwa jirani wa jirani. Jacob mwambie kunipita mimi siyo sifa, hata mbuzi wa Ildefonce alikuwa karibu kunipita.

Zahanati imefungwa. Doris alilia siku ya kuondoka, akatuachia bandeji zilizobaki na akanifundisha kuosha kidonda. Alinishika mkono kama mwalimu wa chekechea: hivi, baba, siyo hivi. Daraja limekwenda wiki hiyo hiyo. Nilisimama ukingoni nikaliona likipita, nikalivulia kofia.

Huduma yako ya mkoba imekuja. Ilifika hadi kwenye tope la kwa Praygod, ikanasa. Tukatoka wazee tukalisukuma gari, tukaoga udongo wote. Lilipotoka, dereva akasema hathubutu kwenda mbele tena. Wakashusha meza pale pale barabarani, wakatupima presha baada ya kusukuma gari, wakashangaa kwa nini kijiji kizima kina presha. Wakatupa vidonge vya maumivu, wakatupiga picha, wakarudi. Watu wa ofisi yenu mnapenda picha. Anyesi hakupimwa. Kati ya pale kwa Praygod na kwetu kuna mteremko, na yeye hakuweza kuushuka.

Umeniuliza mguu. Ng'ombe amezaa, ndama dume, ana doa jeupe kwenye paji la uso.

Bandeji za Doris ziliisha, sasa natumia mashati yangu ya kanisani. Naanza na mikono, halafu mgongo, kola naiacha kwa heshima. Maji nachemsha na chumvi. Kitanda cha mama yako tumekisogeza karibu na dirisha, tukaondoa na pazia, upepo upite vizuri.

Anakusalimu, akiwa amekaa.

Kastori, mganga asiye na cheti

*

Majengo, Moshi,
12 Mei 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Sisi hatujambo. Sitaandika mengi, Hellen anasubiri mlangoni na mvua.

Hujanijibu. Kwa nini kitanda kimesogezwa dirishani? Upepo wa nini na baridi hii? Kama kidonda kina harufu, msikae nacho nyumbani hata siku moja, mleteni mjini hospitali. Kuna namba ya bure ya kuita gari la wagonjwa, nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Pigeni. Usiwe mbishi, nakuomba.

Wiki ijayo nitakuwa Dodoma kwenye semina, siku kadhaa. Simu itakuwa imezimwa.

Filbert

*

Kisomboni Juu,
23 Juni 2024

Kwa Filbert,

Natumaini Stella na watoto wazima. Hapa kwetu tumerudi. Mvua imekatika, kahawa imeanza kushika. Padre amepona kikohozi, mahubiri yamerudi kuwa marefu.

Namba yako ya bure nilipiga. Alipokea binti mwenye adabu sana, sauti kama ya redio. Akaniuliza niko kijiji gani, nikamwambia. Nikamsikia anabonyeza bonyeza. Akasema, "Babu, Kisomboni Juu ni Kundi la Kwanza. Wagonjwa wa Kundi la Kwanza wanajileta wenyewe hadi lami, gari linawachukulia pale." Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mgonjwa ana mguu mmoja unaofanya kazi." Akasema, "Pole sana babu, kuna kingine naweza kukusaidia?"

Basi tukajileta. Wabebaji wa machela: mimi na magoti yangu, Ildefonce mwenye ngiri, Praygod ambaye jicho la kushoto haliioni njia, na Hellen, ambaye ndiye aliyebeba kweli. Sisi tulishikilia kwa heshima. Mama yako hakulia njia nzima. Ila kila tulipoteleza alisema, "Wekeni chini mpumzike, msije mkafa kabla yangu, mtaniachia kazi." Tulipofika lami gari la wagonjwa halikuwepo. Tukapanda lori la ndizi, yeye juu ya mikungu.

Wamekata chini ya goti. Daktari kijana kijana, aliyeukata, alinitoa nje akaniuliza kwa upole, "Mzee, mlisubiri nini nyumbani?" Nikakutafuta wewe pale koridoni uje umjibu. Hukuwepo.

Tulikaa pale hospitali mpaka nyuzi zikatolewa. Dirishani kwa mama yako inaonekana bendera ya ofisi yenu. Alikuwa anaiangalia, akisema, "Leo ana kazi nyingi. Kesho atakuja." Stella alikuja na uji, Mungu ambariki na mgongo wake. Nikamuuliza, "Mume wako hajarudi Dodoma?" Akashangaa. "Dodoma? Si yuko nyumbani amelala, ana malaria." Nakupa pole, mwanangu. Semina na malaria kwa wakati mmoja, hata ng'ombe hawezi.

Sikusemi kwa hilo. Mtu anaweza kuogopa kuuona mguu, hasa ukiwa haupo. Mimi mwenyewe niliugeukia ukuta.

Nakuomba jambo moja tu, na sitaongeza la pili. Iandikie hiyo kamati yako mstari mmoja: "Niliipima Kisomboni Juu wiki ya Krismasi." Basi. Hawahitaji kuelezwa zaidi, nusu yao ni Wachaga, nao Desemba huwa wako kwao wanakula. Wataelewa hata kabla ya nukta. Zahanati ifunguliwe, Doris arudi, maana kisukari hakikukatwa pamoja na mguu.

Anyesi anakusalimu. Hajui habari za malaria.

Kastori

*

Majengo, Moshi,
14 Julai 2024

Baba Mkubwa, shikamoo. Mama Mkubwa, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kuhusu mguu, mwambie tu Mama Mkubwa kwamba ninamkumbuka.

Ombi lako nimelisoma. Tathmini hurudiwa baada ya miaka mitatu, ndiyo kanuni. Kikibadilishwa kijiji kimoja katikati, vyote vitaomba, na kitaonekana kimebadilishwa kwa sababu ni kwetu. Watasema napendelea ukoo. Halafu nesi atatoka wapi? Doris ameshapangiwa kituo cha tambarare, kule wamemfurahia, wamemchinjia mbuzi. Nimtoe kule kwa maneno gani?

Kuna na jambo lingine. Mwezi huu nimepandishwa cheo. Bado niko kwenye uangalizi wa wakubwa. Siyo wakati mzuri wa kuandika kwamba nilikosea kipimo. Unielewe hivyo hivyo.

Natuma kiti cha magurudumu, kipya, kizuri. Kitafika na lori la mbolea.

Filbert

*

Kisomboni Juu,
1 Septemba 2024

Kwa Filbert,

Salamu. Tumevuna kidogo. Ndama amekua, anampiga mama yake kichwa.

Hongera kwa cheo. Hellen ameniambia ofisi yako mpya ina zulia. Fagia vizuri, zulia huficha mengi.

Hoja yako ya Doris ni nzito, sitaicheka. Kama kule wamemchinjia mbuzi, akae. Sisi tulimpa ndizi tu. Lakini nesi ni mmoja duniani? Na hiyo ya kupendelea ukoo, nimeifikiria nikiwa nakamua ng'ombe. Ulipokuwa unatupunguzia hukuogopa kusemwa kwamba ni kwenu. Unaogopa kuturudishia tu.

Kiti kimefika, kinang'aa kweli. Praygod alivaa meno kukipokea. Mama yako tukampakia, akakaa kama mke wa mangi mwenye enzi. Umesahau nyumba yenu imekaaje? Kutoka mlangoni ni mteremko hadi korongoni. Nilikiachia kidogo tu nifunge kamba ya kiatu, kikaondoka naye. Kilipita zizi, kikapita shimo la mbolea, na mgomba mmoja mzee ukamdaka. Nilipofika nilimkuta anacheka, Filbert. Anacheka mpaka machozi. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu masika. Nikacheka na mimi. Kisha nikaona kwamba mimi ndiye ninayecheka peke yangu.

Kiti sasa kinabeba ndizi za Hellen hadi kwa Praygod. Kwa ndizi ni kiti kizuri sana.

Sitakuandikia tena mpaka uwe umeuandika ule mstari. Usiwe na wasiwasi, siyo hasira. Karatasi imepanda bei.

Kastori

*

Majengo, Moshi,
1 Desemba 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Ni barua ya tatu hii bila kujibiwa. Nimempigia Ildefonce, akasema mtandao unasumbua. Nimempigia Praygod, naye hivyo hivyo. Ukoo mzima una mtandao mbovu, isipokuwa nikipiga kwa ajili ya mchango.

Basi nakujibu lile neno moja. Ni mimi. Nililijua daraja. Nilijua masika huwa inakuwaje. Nilikuwa nimekaa barazani kwenu na sahani ya nyama ya ndafu, magari yamejaa, vijana wanaimba, na nikajiambia, labda kwetu kumebadilika, labda sasa tumeendelea. Niliamini nilichokuwa nakiona kwa sababu kilinipa usingizi, na kwa sababu wakubwa walitaka majina kabla ya mwaka mpya. Kuhusu Dodoma, sikwenda. Sikuwa na malaria pia. Nilifika hadi getini kwa hospitali mara mbili nikarudi.

Kamati sijaiandikia. Nitaiandikia, wakati ukifika.

Ndani ya bahasha hii kuna jani la isale. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayeomba msamaha kwa isale hakataliwi. Nataka kuja Krismasi na Stella na watoto, nikae mbele ya Mama Mkubwa. Nikubalieni.

Filbert

*

Kisomboni Juu,
15 Desemba 2024

Kwa Filbert,

Nilisema sitakuandikia mpaka uuandike ule mstari, unaona nimeandika. Vijana wameanza kufika, wanashusha magogo korongoni sasa hivi ninavyoandika, wanaimba. Uwanja wa kanisa una magari manne tayari. Ukituona leo utatupa alama zote.

Isale lako limefika. Mwanangu, isale haliletwi kwa bahasha. Linaletwa na mtu mzima wa ukoo, alfajiri, anasimama nje ya mlango hajala wala hajanawa, hasemi neno mpaka aulizwe. Wewe umelikunja mara nne ukalifungia kwa gundi. Hellen amelitazama akasema jani hili ni lile lililopandwa kwenye vyungu vya maua mbele ya ofisi yenu. Umeomba msamaha kwa mali ya umma. Nilitaka kulirudisha na barua yenye YAHUSU.

Lakini siyo langu. Aliyekosewa ni Anyesi, nikampelekea pale alipo karibu na moto. Nikamsomea barua yako yote, na Dodoma, na geti la hospitali. Kidogo niiruke hiyo ya geti, nikaona hapana, asikie.

Akalinyoosha lile jani kwenye goti, taratibu, kama anapiga pasi.

"Kumbe alifika getini," akasema.

"Mara mbili," nikasema.

"Alikuwa amevaa sweta? Mwezi ule kuna baridi."

Nikamwambia, "Mama Filbert, mimi nitajuaje?"

Akasema, "Isale halikataliwi, hata likija limekunjwa. Mwandikie nimemsamehe. Aje na watoto, walale chumba cha nyuma."

Mimi kama mimi nilikuwa na mengine ya kukuambia, tena mazuri, nilikuwa nimeyatunza tangu Septemba. Lakini mwenye neno ni yeye. Nikaandika: umesamehewa.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Ndipo akafunua kanga, akanyoosha mguu uliobaki, akausogeza kwenye mwanga wa moto niuone. Kati ya kidole kikubwa na cha pili pana kidonda, hakijafikia punje ya kahawa, cheusi.

"Na hiki," akasema, "kiandike."

Nimekiandika.

Kastori